Waya wa Kufika Uani

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia mchana, mfungo ukiwa bado mchanga, nami nimekaa uani nachambua mchele. Tuna kundi letu la simu, sie watatu tu: mie, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, na kitindamimba wetu wa kike. Aliandika: "Dada, mwaka huu Idd tuile kwangu huku Wazo. Sebule kubwa, TV kubwa, watoto wanajiachia. Huko nyumbani wanaboeka." Kabla sijaweka ungo chini, mdogo wetu wa kike akajibu kwa alama ya dole gumba.

Nilikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima chenyewe.

Idd tunailia nyumbani, Mtoni, kwenye nyumba aliyoijenga baba kwa ujira wa kubeba mizigo bandarini. Baba alipofariki, tuliilia hapo. Mama alipomfuata, tuliilia hapo, mie nikiwa nimeacha shule kidato cha pili na sijui hata bizari inatiwa lini. Pilau ya mwaka ule iliungua chini na juu ikabaki mbichi. Wadogo zangu waliila yote kimya kimya wakaniachia mimi ukoko. Baadaye nikashika genge la chakula la mama kule Kurasini, kuwapikia madereva wa malori na vijana wa makontena, nao wakasoma. Mmoja akapata kazi ya ofisini, akajenga Wazo. Mwingine akawa mwalimu, akaolewa, akapanga nyumba hukohuko karibu na kaka yake. Mie niliolewa kidogo, nikarudi.

Siku za kawaida sina neno na nyumba tupu. Natoka alfajiri, narudi jioni na masufuria yangu, naoga, nalala. Wakati mwingine siku nzima ya Jumapili inapita sijasikia sauti yangu mwenyewe, mpaka muuza maji agonge, nimwambie leo sihitaji, nishangae jinsi koo lilivyokauka. Lakini Idd nyumba ile inakuwa ya watu tena. Viatu vinajaa mlangoni. Mtu anaita "Dada, chumvi iko wapi?" na mie najibu bila kugeuka. Wakihamishia Idd Wazo mwaka huu, nilijua haitarudi tena Mtoni.

Nikaandika: "Idd tunakula nyumbani. Safari hii kutakuwa na hom thieta."

"Dada wewe na hom thieta!" mdogo wangu akajibu, na vikatuni vya kucheka msururu mzima. Halafu: "Haya bwana. Tukiikuta, tunakaa."

Nikalishika hilo. Tukiikuta, tunakaa.

Mteja wangu mmoja, wakala wa forodha anayependa maharage ya nazi kuliko nyama, aliwahi kuniambia kwamba kontena la vitu vya ndani kutoka Ulaya likifunguliwa, vingi vinauzwa palepale yadi kabla havijafika mjini. Nilimwomba anishtue. Mwezi wa mfungo huwa napika futari tu, kwa hiyo mchana nilikuwa na nafasi. Alinipigia, nikaenda na bajaji, nikarudi na boksi: deki, sabufa kubwa kama ndoo ya maji, na spika tano ndogo. Kila kitu kizima, kasoro nyaya. Aliyefunga mzigo huko ulikotoka alizikata zote, zimebaki vipande vifupi mithili ya mikia ya panya. Wakala akaniambia wenzetu huko nao wanauza shaba ya ndani ya waya. "Lakini waya si tatizo, mama," akasema. "Waya ziko Tandika, tena za kuchagua."

Nilipofika nyumbani nilipanga spika zote juu ya mkeka, nikaanza kufikiria nani atakaa wapi.

Sebule yetu ni ndogo. Idd, watoto wanakaa chini mbele ya televisheni, wanaume na mashemeji kwenye makochi, wazee wa jirani wanakaa barazani kwa sababu ya upepo, na uani ndiko kuna jiko, ambako mie nipo, pamoja na yeyote anayetaka kumenya kitunguu. Nikawaza: spika tatu zibaki sebuleni, moja niipeleke barazani, moja uani. Hivyo hakuna atakayeachwa. Atakayekuwa jikoni atasikia sawasawa na aliye kwenye kochi. Fikra ile ilinifurahisha hata nikacheka peke yangu.

Sikuwa na futi ya kupimia. Nikafungua kamba ya kuanikia nguo. Nikaifunga ncha moja pale deki itakapokaa, nikaipitisha juu ya fremu ya mlango, ukutani mpaka dirishani, nje kati ya nondo, chini ya bati, mpaka juu ya jiko. Hapo nikapiga fundo. Nikaanza upya kuelekea barazani, nikapiga fundo la pili. Nikapiga na picha za nyuma ya televisheni na nyuma ya deki, vumbi lake na yote, kamba nikaiweka kwenye kikapu, nikaenda Tandika.

Duka lilikuwa jembamba, nyaya zimening'inia toka darini hadi usawa wa uso, inabidi uzipangue kama pazia. Muuzaji alikuwa mtu mzima wa makamo, miwani imeshushwa puani.

"Karibu, dada'angu. Unatafuta nini?"

"Nyaya za hom thieta. Zote."

"Zote!" Akacheka. "Hebu tuanze na moja. Picha unaitoa wapi kwenda wapi?"

Nikamwonyesha simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na miwani.

"Deki ina HDMI, TV ina HDMI. Hapo waya mmoja unamaliza mchezo, picha na sauti pamoja. Na hapa, unaona hizi herufi, A, R, C? Ukichomeka kwenye tundu hili, hata taarifa ya habari itasikika kwenye spika zako. Bahati yako. Ingekuwa TV ya zamani ningekuuzia zile za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, na picha ingekuwa ya ukungu."

Akaweka nyaya mbili za HDMI juu ya meza. Mmoja mwembamba, mweusi, wa kawaida. Mwingine mnene, umesukwa kwa uzi, kichwa kinang'aa dhahabu, umefungwa kwenye boksi zuri la kumpelekea mtu zawadi.

"Huu wa dhahabu ndio unaleta picha nzuri zaidi?" nikauliza.

"Huu wa dhahabu unaniletea mimi faida zaidi." Akacheka tena. "Deki iko wapi na TV iko wapi?"

"Deki chini ya TV."

"Basi chukua mwembamba. Kwa umbali huo picha ni ileile. Angekuwa kijana na suruali yake ya kubana ningemwachia achukue wa dhahabu."

Tukaja kwenye waya wa spika. Alikuwa na marobota mawili, yote yana ganda la plastiki ya kuonyesha ndani, yote rangi ya shaba. Akachukua wembe, akakwangua ncha ya moja, ikatoka nyeupe. Akakwangua ya pili, ikabaki nyekundu mpaka ndani.

"Hii imepakwa rangi tu, ndani ni alumini. Hii ndiyo shaba. Kwa mbali chukua shaba, tena nene, la sivyo sauti inachoka njiani. Sebule yako ina ukubwa gani?"

"Ya kawaida."

"Basi hii ya wastani inatosha."

Nikatoa kamba kwenye kikapu. Akaipokea, akaanza kuikunjua, ikaendelea kukunjuka mpaka mlangoni. Kibanio kimoja cha nguo kilikuwa bado kimeshika. Akakitoa, akakiweka juu ya meza kwa adabu.

"Dada'angu, hii ni sebule au uwanja wa mpira?"

"Fundo hili ni uani. Hilo jingine barazani."

"Uani?" Akanitazama juu ya miwani. "Unataka na kuku wasikie?"

"Idd tunakuwa wengi. Sebuleni hatutoshi."

Akakuna kidevu. Nadhani alitaka kusema jambo, lakini mteja mwingine alikuwa ameingia na anauliza chaji ya simu. "Haya, nyumba yako wewe," akasema, akachukua shaba nene, akailaza sambamba na kamba yangu toka mezani hadi barabarani, watu wakiiruka.

Kazi ya kuunganisha niliifanya mwenyewe, mchana wa siku iliyofuata. Huku kwetu kila mtu humenya waya kwa meno. Nami nilikuwa nimefunga swaumu, na sikuwa na hakika ladha ya plastiki na shaba inahesabiwa vipi, basi nikatumia kisu cha vitunguu. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nikapanda juu ya stuli, nikapigilia vibanio vya waya ukutani, kimoja baada ya kingine, huku nikishikilia nyundo na msumari na waya kwa mikono miwili iliyokuwa inatosha kwa vitu viwili tu. Kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja anashika, mmoja anagonga. Mara mbili tatu niligeuka kumwambia mtu "hebu nishikie hapo."

Baada ya kufuturu nikaijaribu. Nikachomeka flashi yenye kaswida, nikaminya vitufe vya rimoti mpaka sauti ikatoka. Ikatoka kote! Sebuleni, barazani, uani. Nikazunguka nyumba nzima, natoka mlango wa mbele, naingia wa nyuma, na kila nilipopita kulikuwa na watu wanaimba. Vyumba vya wadogo zangu nilivifungua milango ili navyo vipate. Nikarudi sebuleni, nikakaa kwenye kochi, nikasikiliza mpaka mwisho. Ilipozimika nilisikia friji ya jirani.

Nikawatumia picha kwenye kundi. Mdogo wangu wa kiume akajibu: "Dada umetisha!! Tunakuja." Wa kike akaweka dole gumba.

Walikuja. Asubuhi ya Idd, baada ya swala, gari liliingia kichochoroni kwetu likipiga honi bila sababu. Viatu vikajaa mlangoni. Watoto wa mdogo wangu wa kiume wananiita shangazi, wa mdogo wangu wa kike wananiita mama mkubwa, na asubuhi ile majina yote mawili yaliitwa mpaka nikachoka kuitika, na sikuchoka. Mdogo wangu wa kiume alisimama mbele ya deki, mikono kiunoni.

"Hii umefunga wewe? Peke yako?"

"Ulitaka nikusubiri wewe? Ungeishika nyundo kama kalamu."

Mashemeji wakacheka. Akaweka filamu aliyokuja nayo, ya watoto waliopotea msituni, nami nikarudi uani kwenye pilau, nimetulia, kwa sababu huko nilikuwa na spika yangu.

Ikaanza. Juu ya jiko langu nikasikia upepo. Kisha majani yanakanyagwa. Kisha kimya, na huko sebuleni watoto wanacheka kwa nguvu. Nikasubiri kusikia kilichowachekesha. Spika yangu ikatoa mlango unaofungwa. Kisha hatua za miguu, mtu anapita kutoka mbali, anakaribia, anakwenda zake. Kisha mvua. Sebuleni wakaguna wote kwa pamoja kama watu wanaomwonea mtu huruma. Kwangu ilikuwa mvua tu.

Nikadhani waya umelegea. Nikapanda juu ya ndoo, mwiko mkononi, nikakaza ncha. Hatua zikapita tena, safi kabisa, hazina kasoro. Bibi wa jirani aliyekuwa amekaa barazani akapaza sauti:

"We mwanangu! Mbona huku kwetu watu wanapita tu, hawasemi?"

Mdogo wangu wa kiume akatoka mbio, akatazama juu ya mlango, akafuata waya kwa macho mpaka nje, akashika magoti kwa kucheka.

"Dada! Spika za nyuma hizo! Zinakaa nyuma ya kochi, za kuleta mazingira. Maneno yote yanatoka mbele!"

"Mbona kaswida ilitoka kote?"

"Muziki, deki inautawanya. Filamu inaigawa. Dada jamani! Bibi wa watu anasikilizishwa milango!"

"Mie nilidhani masikio yangu," bibi akasema. "Nikasema basi, na haya nayo yamekwenda."

Tulicheka wote, nami nilicheka. Akataka kuzishusha palepale. Nikamwambia aache, filamu iishe, pilau inakaribia. Akarudi ndani.

Hapo ndipo mdogo wetu wa kike alipotoka, akaja uani, akakaa kwenye kibao cha mbuzi karibu na moto. Yeye kila Idd hukaa sebuleni kwenye stuli ya mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Siku zote nilidhani anafuata upepo.

"Rudi ndani uangalie, mie nitapakua," nikamwambia.

"Nakaa hapa kidogo."

Tukasikiliza. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Hatua zikapita. Yeye alikuwa anaitazama spika kama anayemtazama mtu.

"Dada, mie sebuleni huwaga nasikia hivi hivi. Hata TV ikiwa imezimwa."

Nikaacha kukoroga.

"Kitanda cha mama kilikuwa pale," akasema. "Palepale ulipoweka kochi kubwa. Mie nikilala kwenye mkeka pembeni yake. Ule usiku nilisikia miguu yenu mnapita, mlango unafunguliwa, unafungwa, watu wanaingia, wanatoka, hakuna anayesema kitu. Nikafumba macho. Asubuhi kitanda hakipo."

Ni kweli kitanda cha mama kilikuwa sebuleni miezi yake ya mwisho, kwa sababu chumbani joto lilimzidi. Na miguu ile, mingi yake ilikuwa yangu. Nilikuwa napeleka maji, naita majirani, nafungua mlango, nafunga, na nilikuwa nanyata ili mtoto asiamke.

"Watoto wangu hawaboeki," akasema. "Wanapapenda hapa. Kuna vumbi, kuna paka. Mie ndo siwezi kukaa. Kaka anajua, ndo maana akasema Wazo. Tuliona tukikwambia ni watoto, haitakuuma."

"Miaka yote hii unakuja."

"Sasa ningekuacha?"

Pilau ilikuwa inatoa harufu ya kuiva. Nikaiepua, nikaweka makaa juu ya mfuniko kama kawaida, kwa sababu mikono ilijua cha kufanya. Nyumba hii nimeilinda tangu siku ile. Kochi sijalisogeza. Mapazia nimebadilisha, lakini rangi ni ileile aliyoipenda mama. Nilidhani nawawekea wadogo zangu mahali pa kurudi, nao wamekuwa wakirudi kwa ajili yangu, mmoja wao akikaa mlangoni.

Tulikula. Mdogo wangu wa kiume aliomba dua kwa ajili ya wazazi, tukaitikia. Watu walipoanza kulamba vidole, nikasema, kwa sauti ile ninayoitumia kuwaambia madereva kwamba ugali umekwisha:

"Idd ya kuchinja tutakula Wazo."

Mdogo wangu akanitazama, akamtazama dada yake. "Dada, hapana, bwana, tumekaa vizuri tu hapa..."

"Nimesema Wazo. Na huyo mbuzi msinunue aliyekonda."

Kitindamimba wetu aliinama juu ya sahani, akaendelea kuokota punje za wali moja moja. Jioni kaka yake alizishusha spika mbili, akazipeleka nyuma ya kochi, na waya uliozidi akauviringa, akaniuliza auweke wapi. Nikamwambia popote.

Idd ya kuchinja nilikwenda Wazo. Nilifika mapema na kisu changu na kanga ya kujifunga, wifi yangu akaninyang'anya vyote viwili, akanikalisha kwenye kochi, akaniletea juisi. Kila nilipoinuka mtu alisema "Shangazi kaa, leo wewe mgeni." Vumbi la kiwanda cha saruji lilikuwa limetanda juu ya majani nje ya dirisha. Sikujua mikono niiweke wapi. Nilizishika funguo za nyumba ndani ya pochi mpaka zikapata joto.

Mdogo wetu wa kike alikuwa amelala chali katikati ya zulia, kichwa juu ya mto, watoto wake na wa kaka yake wamemlalia kila upande, anawasimulia jambo huku akilikatiza kwa kucheka. Alicheka mpaka akakohoa. Nilimlea mimi, nilimsuka nywele, nilimpeleka shule siku ya kwanza, na sikuwahi kuijua sauti ile.

Ilipokaribia magharibi nikaaga. Wakanisihi nilale, chumba kipo, shuka safi zipo, kesho yake mdogo wangu wa kiume angenirudisha kwa gari.

"Nyumba haiwezi kulala peke yake," nikasema.

Mdogo wetu wa kike aliniinukia kutoka zuliani, akanifuata mpaka mlangoni, ambako viatu vilikuwa vimejaa kiasi kwamba nilishindwa kuvipata vyangu. Akainama, akanitafutia, akanipa kimoja kimoja.

"Nyumba, Dada? Au wewe?"

Nilikuwa nimeshika kiatu cha pili. Nilimtazama, alikuwa hatanii, na mlango nyuma yake ulikuwa wazi, mwanga wote wa sebule unammwagikia mgongoni. Nikavaa kile kiatu, nikamwambia anisindikize mpaka barabarani, na tukaenda polepole, ameshika pochi yangu, bila mmoja wetu kuharakisha.